Muulize Bi Nesi: Utamu wa Tamthilia za Hospitali za Kichina Uko Koridoni

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba baada ya isha mimi hukaa na tamthilia ya madaktari wa Kichina. Barua zikaanza kuja, za Langoni, za Shela, mpaka za Faza na Siyu. Kumbe tuko wengi! Wengi wenu mnanijua kutoka wodini, maana nimekuwa muuguzi hapa Lamu tangu ujana wangu hadi kustaafu, na mnataka nesi awaambie lipi ni la kweli na lipi limetungwa. Nimechagua maswali kadhaa. Yaliyonigusa zaidi nimeyajibu kwa urefu, na wenye maswali mafupi msione nimewabagua.

*Shikamoo Bi Nesi. Katika tamthilia ninayoifuata baba ana saratani ya ini, na watoto wake wanamsihi daktari asimwambie. Daktari anakubali! Mume wangu asema huo ni uongo wa runinga, daktari hawezi kumficha mtu maradhi yake mwenyewe. Mimi nililia sana, kwa kuwa ndivyo tulivyomfanyia marehemu baba. Je, Uchina hufanya hivi kweli?*
*Mama Wawili, Langoni*

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba.

Mwambie mumeo ni kweli. Uchina ni jambo la kawaida daktari akipata majibu mazito amwite kwanza mtoto wa mgonjwa, au mke, au ndugu, na aliye kitandani awe wa mwisho kujua. Sheria yao yenyewe imeuacha mlango huo wazi. Sheria kuu ya madai iliyoanza kutumika Januari 2021, kifungu cha 1219, inamtaka daktari amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake. Lakini pale isipowezekana au isipofaa kumwambia mgonjwa, basi waelezwe jamaa wa karibu, na waridhie waziwazi. Sasa nani wa kuamua kwamba haifai? Hapo ndipo watunzi wa tamthilia wanapopata riziki yao.

Mimi nitakwambia ninavyozitazama. Watu husifu chumba cha upasuaji: taa, damu, mashine zinazolia. Mimi macho yangu yako koridoni. Binti amesimama nje ya mlango wa wodi na bahasha kubwa ya picha za eksirei mkononi. Anajifuta macho. Anajipigapiga mashavu yapate rangi. Halafu anafungua mlango na kuingia akicheka, amebeba mfuko wa machungwa, anamwambia babake daktari kasema ni vidonda vya tumbo tu. Sehemu kama hiyo nairudisha nyuma niitazame tena, kwa sababu mwigizaji akiiweza, ameweza jambo nililoliona kwa macho yangu miaka yote ya kazi.

Tulikuwa na mzee mmoja, nahodha wa jahazi. Wanawe walitukataza kumwambia, na daktari wa zamu akawakubalia. Usiku mmoja nilikuwa nambadilishia dripu. Hakuniuliza habari ya ugonjwa hata kidogo. Aliniuliza, "Huyo anayekohoa huko nje si ndiye mwanangu wa katikati? Mwambie akalale, analia tangu magharibi." Alikuwa anajua. Naye akawa anawaficha wao kwamba anajua.

Watunzi wa Uchina wanaijua hali hii vizuri sana. Ndiyo maana katika tamthilia nyingi utamkuta mgonjwa naye ameshaelewa, ila anaendelea kuyala machungwa na kuyasifu. Pande zote mbili zinadanganyana kwa mapenzi, na daktari yuko katikati ameshika kalamu.

Ukiniuliza kama nesi, mimi nasimama upande wa kumwambia mgonjwa, kwa upole na kwa wakati wake. Mtu ana wasia wa kuandika. Ana deni. Ana mtu anataka kumwomba radhi kabla ulimi haujawa mzito. Lakini nikikaa mbele ya runinga simhukumu yule binti, wala wewe usijihukumu kwa mliyoyafanya. Mlifanya kwa huruma.

*Bi Nesi, kwa nini daktari mpasuaji akipewa bahasha nyekundu na familia hukasirika? Kwetu mtu akikushukuru ukakataa si umemdharau?*
*Kijana wa Shela*

Bahasha nyekundu, ile ya kutilia pesa, yenyewe ni ya heri. Watoto wa Kichina hupewa siku za mwaka wao mpya, na maharusi hutuzwa kwayo. Inayoleta balaa ni ile inayotolewa kabla ya kisu. Familia imejaa hofu, inadhani daktari asiyepewa kitu atashona kwa pupa, basi wanachanga pesa na kumtumbukizia mfukoni mwa koti lake jeupe. Serikali yao imehangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Kuanzia Mei 2014 hospitali kubwa ziliagizwa kutia saini makubaliano na mgonjwa anayelazwa, kwamba upande huu hautatoa na upande ule hautapokea.

Kwa hiyo bahasha ikitokea kwenye tamthilia, tega jicho. Mtunzi anakuonyesha huyu daktari ni mtu wa namna gani, bila kulisema. Wako wanaoitupa mezani na kufoka. Na wako wanaoipokea kimya ili mke wa mgonjwa apate usingizi usiku ule, kisha wanateremka dirisha la malipo na kuiingiza kwenye hesabu ya mgonjwa yuleyule. Hilo si la kubuni, madaktari wa Uchina hulifanya kweli. Huyo wa pili ndiye daktari wangu.

Na hapa kwetu, sahani ya mahamri kwa wauguzi baada ya mgonjwa kutoka ni shukrani, na nimeila kwa moyo mweupe. Pesa kabla ya kuhudumiwa ni jambo jingine kabisa. Usiitoe, mwanangu, hata ukiwa na hofu namna gani.

*Niko mwaka wa pili wa uuguzi. Nikiona daktari wa tamthilia anabonyeza kifua cha mgonjwa huku kakunja viwiko naudhika mpaka nazima. Bi Nesi huudhiki?*
*Nesi Mtarajiwa, Mokowe*

Viwiko nawasamehe. Chini yake amelala mwigizaji mzima, moyo wake unadunda, na mbavu zake ni zake. Akibonyezwa inavyotakiwa ataumia. Wewe kwa mgonjwa wa kweli ushike ulichofundishwa: mikono iliyonyooka, katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kila mara.

Kinachoniudhi ni shoti ya umeme wakati mashine ya moyo inaonyesha mstari ulionyooka. Umeme ni wa moyo unaotetemeka ovyo bila mpangilio. Unautuliza ili upate kuanza upya. Moyo uliosimama kabisa hauhitaji shoti, unahitaji kubonyezwa na adrenalini. Kosa hili liko katika tamthilia za nchi nyingi, si Uchina peke yao. Likitokea usizime. Hamisha macho kwa manesi waliozunguka kitanda: nani anahesabu kwa sauti, nani anaandika saa ya kila dawa. Hapo utajifunza.

*Bi Nesi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nimetazama The Imperial Doctress kwenye simu ya kaka yangu, habari ya tabibu wa kike aitwaye Tan Yunxian. Aliishi kweli? Na kaka anasema zamani matabibu wa Uchina waliweza kumpima malkia kwa uzi wa hariri, bila kumgusa. Inawezekana?*
*Binti wa Faza*

Marahaba binti yangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote.

Aliishi. Tan Yunxian alizaliwa mwaka 1461, enzi ya wafalme wa Ming, mji wa Wuxi, katika ukoo wa matabibu. Aliyemfundisha ni bibi yake. Alimfunza tangu utotoni, na alipofariki mjukuu akaiendeleza kazi. Wagonjwa wake walikuwa wanawake, kwa sababu wengi wao waliona haya kupimwa na mwanamume, wakanyamaza na maradhi yao mpaka yakakomaa. Alipofika umri wa miaka 50 hivi akaandika kitabu cha wagonjwa wake, visa 31, kikachapishwa mwanzoni mwa karne ya 16. Hakuandika habari za malkia na vito. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ngumu ya matofali, damu yake ya mwezi ikakataa kukatika. Tabibu alimuuliza kwanza anafanya kazi gani, ndipo akaelewa ugonjwa umetoka wapi. Swali hilo nililiuliza kila siku kliniki ya akina mama, na majibu yake yaliniambia mengi kuliko kipimo.

Sasa tamthilia. Ilitoka 2016, na mwigizaji Liu Shishi ndiye Tan Yunxian. Humo tabibu wetu anapendwa na mfalme Yingzong, na ndugu yake mfalme naye anampenda. Hesabu na mimi. Yingzong alitekwa na Wamongolia vitani mwaka 1449, ndugu yake akakalishwa kitini, na yeye akarudi kutawala tena 1457. Hayo ni ya kweli na yako kwenye historia. Lakini 1449 Tan Yunxian alikuwa hajazaliwa. Na Yingzong alipofariki mwaka 1464, huyo mpenzi wake wa runingani alikuwa mtoto wa miaka mitatu! Mapenzi yote yale yametungwa.

Je, uache kutazama? Hapana. Mavazi yanapendeza, na Liu Shishi akimshika mgonjwa mkono unaamini anamsikiliza. Ila ukimaliza ujue kwamba mwanamke wa kweli alikuwa mkubwa kuliko yule wa tamthilia. Hakuhitaji mfalme ampende ili aandike kitabu. Alikuwa na bibi aliyemfundisha na wanawake waliomngoja mlangoni. Nami nawajua wanawake wa namna hiyo. Nimewapokea hapahapa, wamejifunika buibui, wanauliza kwanza kwa sauti ya chini, "Daktari wa leo ni mwanamke?" Akiambiwa ni mwanamume, mwingine hugeuka akarudi zake, na mara nyingine hurudi akiwa amebebwa. Kwa hiyo nikimtazama Tan Yunxian simwoni mtu wa mbali.

Habari ya uzi: hiyo ni hadithi tu, husimuliwa kuhusu Sun Simiao, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 682, kwamba alimpima mke wa mfalme kwa uzi uliopitishwa nje ya pazia. Ni hadithi nzuri, inaonyesha haya na heshima ya jumba la kifalme. Kipimo chenyewe cha mshipa lakini kipo. Tabibu wa Kichina huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, na kila kidole kina mahali pake: cun, guan na chi. Husikiliza mkono wa kulia na wa kushoto, kwa kugusa juujuu kisha kwa kukandamiza. Wang Shuhe aliandika kitabu kizima cha mishipa karne ya 3. Na kwetu sisi Waislamu tabibu Ibn Sina naye aliandika kwa urefu juu ya mshipa katika Qanun, kitabu chake cha tiba, kwa hiyo vidole juu ya kifundo si jambo geni pwani hii. Mwangalie mwigizaji: asiyefundishwa hukamata mkono wa mgonjwa kwa kiganja kizima, na aliyefundishwa huteremsha vidole kimoja kimoja.

*Assalamu alaykum. Binti yangu mdogo tangu aanze kutazama hizi tamthilia anasema lazima awe daktari, tena akasome Uchina. Masomo yenyewe anayachezea. Nimfungie runinga?*
*Mzazi wa Siyu*

Waalaykumu salaam. Usimfungie! Tena wewe wa Siyu ndiye wa mwisho kusema Uchina ni ndoto. Mwaka 2005, ilipotimia miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, amiri wa majini wa Uchina, msichana kutoka hapohapo Siyu alipata udhamini wa serikali ya Uchina, akaenda kusomea tiba ya Kichina. Wazee wa kisiwa chenu cha Pate mnawajua wanavyosimulia: jahazi la Wachina lilivunjika karibu na Shanga, mabaharia wakaogelea pwani, wakaoa, wakabaki. Binti yako anaisikia hadithi hiyo nyumbani na anaona madaktari wa Kichina kwenye runinga. Mtoto angekosaje kuota?

Fanya hivi. Kaa naye mtazame pamoja, na umuulize maswali. Ini liko upande gani? Kwa nini mgonjwa anakatazwa kula kabla ya upasuaji? Akishindwa, mwambie jibu liko kwenye kitabu cha sayansi na umngoje akalitafute kabla ya sehemu nyingine kufunguliwa. Utaona masomo yatakavyoshikwa.

Na ombi langu kwako, ombi la mama aliyevaa sare miaka mingi: muonyeshe manesi pia. Watoto humwona mpasuaji tu. Katika Surgeons, ile tamthilia ya mwaka 2017, msingi wa kisa chote ni nesi. Daktari Zhuang Shu, anayeigizwa na Jin Dong, anarudi kutoka Marekani kufanya kazi katika hospitali ileile ambako mamake alikuwa nesi, akabebeshwa lawama ya kifo cha mgonjwa miaka thelathini kabla. Mtoto amekuwa bingwa wa upasuaji, na bado anatafuta jina la mamake lisafishwe. Mimi siwezi kuitazama bila kuwakumbuka wenzangu waliobeba lawama ambazo hazikuwa zao, kwa kuwa nesi ndiye aliye karibu na kitanda jambo likiharibika. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina kampasi hapa Lamu. Kama Uchina itakuwa mbali, uuguzi uko karibu, na ni kazi kamili.

*Bi Nesi, mama mkwe wangu anazipenda hizi tamthilia lakini maandishi ya chini ni ya Kiingereza na macho yake hayamsaidii. Mimi siwezi kupika na kumfasiria kwa pamoja. Hakuna za Kiswahili? Na tuanze na ipi?*
*Mke wa Mkomani*

Zipo tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili, na zimeanza zamani kidogo. Wengi wetu tuliifahamu kwanza ile ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa TBC ya Tanzania mwaka 2011. Sauti zilirekodiwa Beijing na Radio China Kimataifa, redio iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961, ambayo wazee wetu waliijua vizuri kabla hatujaona picha yoyote. Baadaye StarTimes wakaja na chaneli ya Kiswahili na tamthilia zenye sauti za vijana wetu wa Afrika Mashariki. Nyingi ni za familia na mapenzi. Za hospitali hupita mara mojamoja, kwa hiyo mwenye king'amuzi aangalie ratiba ya wiki.

Isiyo na Kiswahili, ndivyo tufanyavyo kwangu: mjukuu wangu hukaa mbele, anasoma na kufasiri kwa sauti, na hulipwa kwa kashata. Kabla ya kuanza mwambie mama mkwe mambo matatu tu, nani ni mgonjwa, nani ni jamaa yake, na wanafichana nini. Akishayajua hayo, nusu ya maneno hatayahitaji, nyuso zitamtosha. Majina ya Kichina yasimsumbue. Mwache awaite Daktari Mrefu, Binti Mlizi, Nesi Mkuu.

Anzeni na hiyo Surgeons. Ina sehemu 44, kwa hiyo msiikimbize, moja au mbili kwa usiku zinatosha, na pikeni mapema. Mama mkwe kama anaogopa damu, mkae karibu naye mumwambie afumbe macho kisu kikitoka, kisha mumguse bega mkisharudi koridoni.

Walioniuliza habari ya tiba ya sindano za Kichina na walioniuliza kama hijama yetu ni ileile ya vikombe vya Wachina, nimezipata barua zenu. Toleo lijalo, inshallah.